Samadi Niliyosema Imeiva

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika kumi jioni, wiki ya tatu tangu niingie kidato cha kwanza. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimesimama nje ya lango la mabati nikiitazama mkononi kila dakika, nikitafuta sababu ya kurudi nyumbani. Ndani kulikuwa na mtu anakohoa, na harufu iliyonishika koo kabla sijaona inatoka wapi.

Nawaandikia nyinyi wawili, Wanjiku na Atieno, mnaochukua kazi ya lundo. Mama Sharon, mwenyekiti wetu, alisema niwaketishe niwaeleze, lakini mnanijua. Kwa mdomo ningesema maneno matano nikaenda zangu. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na minane, na Kukhu anasema hajawahi kuona mstaafu asiye na mvi wala pensheni. Habari za cheti nilichopewa na kufanywa katibu msaidizi naziacha. Nitaandika kuhusu samadi na kuhusu woga, maana sikumbuki siku niliyofanya kazi hii bila woga.

Shamba letu mnalijua: kipande chembamba hapa Komarock, chini ya nyaya kubwa za stima, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kujenga, ndiyo maana akina mama wa kikundi waliachiwa walime mboga. Siku ile ya kwanza sikuona mboga. Nilisikia nyaya zikivuma juu ya kichwa changu kama nyuki, na nikaona katikati ya shamba kitu cheusi kirefu kama kaburi la watu wawili, kinatoa moshi.

Kila nyumba ya kikundi ilitakiwa kutoa mtu mmoja wa kazi. Mama yangu ni kibarua wa kiwandani, zamu yake haina mwisho, kwa hivyo alinitoa mimi. Alisema pia itanisaidia kuzoea watu. Niliyemkuta ni mtu mmoja tu. Alikuwa mama mfupi mwenye gambuti za kijani, zamani mfagiaji wa barabara wa kanjo, yaani baraza la jiji, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu Bungoma.

"Wewe ni wa Mama Lia?"

Nikatikisa kichwa kukubali, maana Lia ndiye mimi.

"Unaongea ama wewe ni wa kutikisa tu?"

"Naongea."

"Haya. Hili lundo halipendi kelele. Mtaelewana."

Nikamuuliza kama linaungua. Akanitazama kama nimeuliza kama ng'ombe ana miguu.

"Haliungui. Linaiva."

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo lazima mlijue kabla ya mengine yote. Samadi mbichi ni sumu ya polepole. Ina mayai ya minyoo na vijidudu vya tumbo, na ikiwekwa kwenye mboga inayoliwa bila kupikwa, vijidudu vinapanda juu pamoja na mboga mpaka kwa sahani ya mtu. Kinachoviua ni moto. Moto huo hauwashwi na mtu. Unatoka ndani ya lundo lenyewe, mradi ulipange vizuri: matawi chini lipate hewa, majani makavu, samadi ya ng'ombe au mbuzi, maranda ya mbao kutoka banda la kuku, majani mabichi, maji kidogo, kisha unaanza tena mpaka lifike kifuani. Katikati linachemka, pembeni linabaki mbichi. Kwa hivyo kila siku ya tatu unalipindua ili ya nje iingie ndani. Mara tano. Si mara nne, na si mara tatu na dua.

Unyevu mtaupima kwa ngumi. Finya. Maji yakitiririka, limelowa. Ukifungua mkono likamwagika kama unga, limekauka. Likishikana na vidole vikabaki na jasho tu, endelea. Mimi nilichukua mwezi mzima kukubali kuitia mkono, na Kukhu hakunilazimisha. Alikuwa akiniwekea kiasi kwenye beleshi, akanielekezea kama anayemlisha paka wa mtu.

Moto wenyewe tulipima kwa nondo, kile chuma cha ujenzi, kirefu kama mkono na nusu. Unakichoma mpaka moyoni mwa lundo, unamwagilia kitalu kimoja, unarudi, unakichomoa na kuishika ile sehemu iliyokuwa ndani. Ukiwa umeishika unahesabu. Kukhu hakuhesabu kwa namba. Alihesabu kwa majina ya watoto wake saba, polepole, kama anawaita waje kula: Nasimiyu, Wanyonyi, Simiyu, Nelima, Barasa, Wekesa, Khisa. Lundo zuri halikuruhusu kumpita Nelima. Siku yangu ya kwanza kuishika niliachilia kwa Wanyonyi, na kiganja kilikuwa chekundu hadi asubuhi.

Halafu kuna kile kitabu cha lundo, kile cha karatasi nane kilichofungwa kwa nailoni. Unaandika siku, na jina uliloachia. Mtu akikifungua bila kuelezwa atadhani ni rejista ya kanisa.

Khisa, kitinda mimba, ana duka la kinyozi Kariobangi. Jumapili moja alikuja kumtembelea mamake, akakipekua kitabu akiwa amesimama.

"Mathe, mbona mimi siandikwi? Wanyonyi, Simiyu, Nelima, Nelima. Kwani mimi sikuzaliwa?"

"Ukiandikwa wewe," Kukhu akamwambia, "jua tumeharibikiwa."

Mwaka wa kwanza nilijifunza vifaa. Uma wa shamba, huu tunaouita foki, msinunue wenye mpini wa rangi. Rangi huteleza ikilowa. Gambuti zikaushwe juu chini, maana panya walishawahi kuzaa ndani ya moja na nikauingiza mguu. Wilbaro, yaani toroli, gurudumu lake linalia, nalo tumeliacha hivyo hivyo makusudi, mtu akijaribu kuondoka nalo mtaa mzima utasikia. Sweta la shule msilivae hata kama mnapita tu. Mimi nilivaa. Kesho yake darasani msichana mmoja alifungua dirisha bila kusema neno, na kufikia saa ya chai nilikuwa na jina jipya.

"Niaje, Samadi."

"Poa," nilijibu, kwa sababu sikuwa na lingine.

Jina hilo nilikaa nalo miaka miwili. Sikumwambia Kukhu mpaka siku aliponiuliza kwa nini nikija naanza kunusa mikono. Akasema yeye kazini aliitwa Takataka kwa miaka ishirini, na waliomwita hivyo ndio waliokuwa wakizitupa. Hakusema zaidi. Akanipa ndoo.

Mwaka wa pili ulikuwa wa hofu mbili. Ya kwanza ni sindano. Samadi yetu tunaichukua kwa watu wanaofuga mitaani, ng'ombe wawili hapa, mbuzi pale, kuku wa mayai kwenye vyumba vya nyuma. Kuna mmoja ambaye ng'ombe wake alikuwa ametibiwa, na aliyemtibu akaitupa sindano pale pale kwenye samadi. Nilikuwa nikivunja madonge kwa mkono, bila glovu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiona mzoefu. Ilinichoma chini ya kidole gumba. Haikutoka damu nyingi, tone moja, na kwa wiki nzima nilijilaza kitandani nikisikiliza taya langu kama limeanza kukaza. Kukhu alinipeleka kuchomwa sindano nyingine, ya pepopunda, akaniambia njiani, "Sasa umechomwa na ya ng'ombe na ya mtu. Umemaliza." Tangu hapo kila gunia linamwagwa juu ya karatasi ya nailoni na kupekuliwa kwa reki kabla halijagusa lundo. Msiwaamini wafugaji. Ni watu wazuri, lakini msiwaamini.

Ya pili ni lundo lililotaka kuwaka kweli. Tulikuwa tumeletewa maranda ya kuku mengi mno, makavu, tukayaweka yote kwa tamaa. Siku ya nne moshi ulibadilika rangi, na ukawa na harufu ya karatasi inayochomwa. Nilikimbilia langoni. Kukhu akaniita kwa jina langu lote, Naliaka, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Unaenda wapi?"

"Kuita watu."

"Watu wakija watamwaga maji juu, ndani liendelee kuwaka. Shika foki. Fungua katikati."

Nililifungua nikilia. Moyo wa lundo ulikuwa majivu meupe, na ukipuliza unaona wekundu ukipepesa ndani kama jicho. Nyaya ziko juu yetu pale. Ninapofumba macho kuwaza ajali, hadi leo naona hiyo rangi. Tulilitawanya lote chini, tukalimwagilia kidogo kidogo, na tulipomaliza Kukhu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu nyusi zangu zote zilikuwa na majivu.

Mwaka wa tatu sina la kuandika ila kwamba niliachiwa nondo. Kukhu macho yake yalikuwa yameanza ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na alikuwa haoni tena mistari ya kitabu. Mimi nilishika, mimi nilihesabu, mimi niliandika. Yeye aliuliza tu, "Nani?" nami nikajibu, "Nelima," au "Simiyu." Hakuwahi kurudia kupima. Wakati ule niliona ni heshima kubwa. Sasa naona pia ni namna ya kumwachia mtu mzigo wote bila kumwambia uzito wake.

Mwaka wa nne, mvua za masika zilipokaribia, Kukhu alisafiri kwenda Kimilili kwa bintiye Nelima akafanyiwe upasuaji wa macho. Tulikuwa na lundo kubwa kuliko yote tuliyowahi kupanga, la kitalu cha dhania na spinachi. Aliniachia ufunguo wa lango. Nikamuuliza kama nikikwama nifanye nini.

"Sema umekwama," akasema.

Nililipindua mara tatu, na zote tatu nondo ilikuwa nzuri. Kisha ikaja mvua ya Jumatatu. Ilinyesha siku nne na upepo, ikabeba turubai la kufunika lundo nikalikuta limening'inia kwenye ua wa jirani. Lundo lilikuwa limelowa mpaka chini, limebonyea katikati kama godoro la zamani. Ijumaa jioni nilichoma nondo, nikamwagilia kitalu ambacho hakikuhitaji maji, nikarudi nikaishika. Nasimiyu, Wanyonyi, Simiyu, Nelima. Nikaendelea. Barasa, Wekesa. Nikamfikia Khisa, na chuma kilikuwa baridi kama cha lango. Nikaanza tena kutoka kwa Nasimiyu nikamfikia tena.

Dawa yake niliijua. Lundo zima lifunguliwe, lichanganywe na maranda makavu, lipangwe upya, na hesabu ianze moja. Wiki tatu karibu. Nikafikiria kumpigia Kukhu, lakini macho yake yalikuwa yamefungwa bandeji, na nikajiambia mgonjwa hasumbuliwi. Nikafungua kitabu. Niliandika Nelima. Nilijiambia Jumapili baada ya kanisa nitakuja peke yangu nilipange upya polepole, hakuna atakayejua, na akina mama hawakuwa wanalitaka kabla ya wiki tatu.

Walikuja kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, wote kumi na mmoja, na karai zao. Mvua ilikuwa nzuri na hawakutaka kuikosa. Mama Sharon ndiye aliyekuwa mbele. Anauza nguo za watoto za mitumba, na sauti yake imezoea kushindana na spika za sokoni. Sharon mwenyewe, miaka minne wakati huo, alikuwa amemshika sketi.

"Lia, limeiva ama halijaiva? Watu wako na kazi zao."

Kumi na mmoja walinitazama. Wengine walikuwa wameomba ruhusa kazini, mmoja alikuwa ametoka zamu ya usiku bila kulala. Juu ya lundo palikuwa peusi na hapakunuka, mvua ilikuwa imelifanya lionekane zuri. Kitabu kilikuwa mkononi mwangu, na mle ndani palikuwa tayari pameandikwa uongo. Nilisikia masikio yangu yakipata moto.

"Iko sawa," nikasema, nikamwonyesha ukurasa.

Wakaanza kuchota.

Dhania haichukui muda. Ilipandwa kwenye vitalu vinne, spinachi kwenye cha tano, na siku ya kumi ikachungulia. Kila nilipofika nilitamani niikute imekufa. Haikufa. Ilipenda ile samadi, ikawa kijani ya kupendeza, na akina mama walipita wakisema mwaka huu Lia ametupikia. Nilikuwa nikiwaza namna dhania inavyoliwa: inakatwakatwa mbichi kwenye kachumbari, inanyunyizwa juu ya maharagwe yakiwa tayari sahanini. Hakuna moto unaoipitia. Shuleni mwalimu wa bayolojia alichora ubaoni kijidudu chenye mikia, nami nikafunga daftari.

Wakafunga shule. Likizo ikanifanya niwe pale kila siku, na kila siku Sharon alikuwa pale pia, kwa sababu mamake alimwacha acheze shambani akienda sokoni. Alitembea katikati ya vitalu akichuma jani moja moja na kulitafuna.

"Sharon, hiyo ni chungu."

"Si chungu."

"Usile."

"Kwani ni yako?"

Nilimpa ndizi. Nilimpa mandazi yangu. Akala ndizi, akala mandazi, akarudi kwa dhania. Siku moja nilimpiga kofi mkononi, akalia, na mamake mdogo aliyekuwa akipalilia akaniuliza kama nimechizi. Ningesema siku ile. Maneno yalifika mpaka hapa, kwenye meno.

Ijumaa ya mwisho ya likizo, saa tano asubuhi, nilikuta lango limefungwa na jirani akaniambia Sharon yuko kliniki, ameharisha na kutapika tangu jana. Kesho yake, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya kuvuna. Akina mama mboga, wachuuzi wanaonunua kwetu, walikuwa wameshaambiwa waje saa moja.

Nikafungua, nikaketi kwenye ile ndoo nikampigia Kukhu. Nilimwambia yote bila kupumua, kutoka turubai mpaka kofi.

"Ulimfikia nani?"

"Khisa. Mara mbili."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi siuzi dhania, Lia. Na sili, meno yangu hayataki." Nikasikia bintiye akimwambia asiiname. "Toka hapo kwa ndoo uende."

Sijui alijuaje kwamba nilikuwa kwenye ndoo.

Kliniki ni ile ndogo karibu na steji ya matatu. Nilipita mlango wake mara tatu. Nilikuwa naogopa vitu viwili na sikujua kipi kikubwa: kwamba Sharon atakufa, na kwamba Mama Sharon atanitazama. Nawaandikia hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ni zuri.

Alikuwa kwenye benchi la foleni, Sharon amelala mapajani kwake, amefunikwa leso, midomo imekauka.

"Lia. Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi keti. Umesimama kama mtu ameleta habari za msiba."

Nikaketi ukingoni.

"Mama Sharon, ile samadi."

"Samadi gani sasa? Niko na mtoto hapa."

"Ya dhania. Haikuwa imeiva. Ilipoa na mvua. Nilijua."

Aliacha kumpepea mtoto.

"Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Na kitabu ukanionyesha."

"Niliandika uongo. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

"Mimi?" Akageuka kuwatazama waliokuwa kwenye foleni kana kwamba wanaweza kumweleza. "Mimi nakula watu?"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, bila kuulizwa, "Dadangu, hata mimi nimeanza kukuogopa na hatujuani."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mama Sharon alimwinua mtoto akaingia naye ndani kumwambia daktari, nami nikabaki nikitazama sakafu. Aliporudi alisema daktari amesema inaweza kuwa dhania, inaweza kuwa maji, maana tangu mifereji ikauke mtaa wetu tunakunywa ya mitungi ambayo hatujui imetoka wapi. Hana namna ya kujua. Watampa maji ya chumvi na sukari na dawa, na waone mpaka kesho. Sharon mnamjua, ndiye anayewarushia madongo mkiinama. Alipona. Lakini kama ni mimi au ni maji, sijui mpaka leo, na msimuulize mtu anihakikishie, kwa sababu nilishajaribu.

"Kesho watu watakuja saa moja," Mama Sharon akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwa nimewahi kuisikia hivyo, na iliniogopesha kuliko ile kubwa. "Mimi niko hapa na huyu. Utawaambia wewe."

"Naweza kuandika karatasi nibandike kwa lango."

"Usiandike karatasi. Usitume mtu. Utawaambia na mdomo, mmoja mmoja, vile ulinidanganya."

Nitaishia na asubuhi iliyofuata. Wiki moja baadaye mlikuja nyinyi, na kuanzia hapo mmejionea wenyewe.

Nilifungua lango saa kumi na mbili na nusu. Mvua ilikuwa imepumzika na nyaya zilikuwa zinavuma kwa unyevu. Nilianza kung'oa dhania kabla mtu yeyote hajafika, kwa sababu nilijijua: wangeikuta imesimama pale kijani, mdomo wangu ungetafuta njia. Niling'oa vitalu vyote vinne, mizizi na yote, nikairundika kwenye wilbaro mpaka ikaanguka pembeni. Harufu yake ilikuwa nzuri sana. Kitalu cha tano, cha spinachi, nilikiacha. Spinachi inapikwa, nilijiambia, na angalau kikundi kisikose kila kitu.

Wa kwanza alifika saa moja kasoro, na gunia lake limekunjwa kwapani.

"Dhania hakuna," nikasema. "Samadi haikuwa imeiva, na mimi nilisema imeiva. Ukila unaweza kuugua."

"Ati?"

Nikarudia. Akaniuliza kama nimemtoa Kayole asubuhi yote kumwambia hivyo. Nikasema ndiyo. Akasonya, akaenda. Wa pili alitaka kujua kama nimeokoka. Wa tatu alisema ningenyamaza tu, watu wameshakula vibaya zaidi. Wanachama watatu wa kikundi walifika pamoja, wakaiona wilbaro, na mmoja wao, yule wa zamu ya usiku, alikaa chini kwenye matope. Kwake nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuweza kumtazama.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja anayeuza mboga karibu na kanisa letu, mpole, ananijua tangu nikiwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama wilbaro, kisha akatazama nyuma yangu.

"Basi nipe hiyo spinachi, mwanangu. Nisirudi mkono mtupu."

"Inapikwa," nikasema.

"Si ndiyo. Inapikwa."

Akaanza kufungua gunia. Nikaona mikono yake ikitaka kuyashika yale majani, kuyafunga mafungu, kuyakung'uta vumbi na kuyapangusa kwa leso yake kama afanyavyo, na kisha kumkatia mteja nyanya kwa mikono hiyo hiyo.

"Lakini ni samadi ile ile," nikasema.

Alisimama na gunia limefunguka nusu. Hakunigombeza. Alilikunja tena, taratibu, akaniuliza kama mama yangu anajua niko hapa. Nikasema bado. Nikaliacha lango wazi, nikarudi ndani, nikainama kwenye kitalu cha tano na kuanza kung'oa mstari wa kwanza.